Paka wa Ndia Kuu

Ulianza na paka aliyeiba changu,
changu asiye wangu, wa Bi Mwanasiti.
Akaruka baraza, akapita juu ya tangi,
akaishia Ndia Kuu na mkia umesimama.
Nikasema: huyu nitamtia kwenye simu,
akimbie kwa kidole cha mtoto.

Miezi minane naishi naye.
Mchana nachapa fomu za watu, saiba ya Mwembe Tayari;
usiku, feni ikinung'unika, namfunza kuruka.
Usidhani kuruka ni jambo dogo.
Ukibonyeza, naye akachelewa nusu ya kope,
mkono unajua. Mkono hauna adabu ya kungoja.
Basi aruke papo hapo, na bati liseme ngwa!
na kivumbi kitoke chini ya kucha.
Hodi isikae mlangoni bila karibu.

Fumo, mwenzangu, ndiye mchoraji.
Alichora mitaa yote: milango ya misumari,
roshani, nyaya, kanga kambani, hata nyufa.
Ulipendeza. Haukuchezeka.
Paka alipotelea ndani ya uzuri.
Tukafuta. Fumo alifuta huku ameuma mdomo.
Tukabakiza taa moja ya njano
na samaki mmoja mwekundu juu ya ukuta,
jicho lijiulize lenyewe: pale nafikaje?
Swali hilo ndilo mchezo. Mengine ni rangi.

Mamangu hutunga mashairi ya harusi,
ahesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane,
na utotoni nikimwona kama aliyejifunga kamba.
Kumbe alikuwa akijipimia uwanja.
Paka wangu naye haruki zaidi ya kuta mbili,
na haogelei, hata umbembeleze.

Jumapili nikampa simu Kibibi, mtoto wa dada, miaka tisa.
Nikafumba mdomo. Mtunzi hataingia
mfukoni mwa kila mchezaji kumwelekeza.
Dirishani ilimwagwa ndoo ya maji: paka akafa.
Akafa tena. Mara ya tatu Kibibi alicheka.
Ya sita akakunja uso.
Ya tisa akaiweka simu mkekani:
"Anti, mchezo wako waonea."

Nikataka kumjibu. Nikatazama upya.
Maji yalishuka bila dalili, kama fitina.
Usiku ule nikaongeza kitu kidogo tu:
dirisha likwaruze kwanza, mkono utokeze,
sauti ya mama iseme, "Simileni!"
Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale.
Kesho yake Kibibi akalowa,
akasema, "Nimezembea mwenyewe,"
akaanza upya bila kuambiwa.

Fumo ataka tuuze ukuta wa saba:
asiyeweza kuruka, alipe, apite.
"Kodi ya Tudor," asema, "hailipwi kwa samaki wa kuchora."
Namwambia atakayenunua ushindi hatausimulia kwa mtu.
Aniuliza kama masimulizi huliwa na wali.
Hatujapatana. Mwenye nyumba apiga simu kila Ijumaa.

Juzi Kibibi aliufikia ukuta wa saba kwa miguu yake,
samaki mwekundu yuko hatua moja,
naye akaondoa kidole.
Paka akakaa. Akakunja mkia
jinsi Fumo alivyomchora siku ya uvivu,
mahali pasipo hata pointi moja.
"Wafanya nini?"
"Apumzika. Msimsumbue."
Akamtazama hadi simu ikajizima.

Basi nikaona hapo pahitaji mkoromo.
Nikanunua changu, wangu safari hii, kwa pesa zangu,
nikaketi barazani kwa Bi Mwanasiti, kinasa sauti mkononi.
Mwizi akaja. Akala hadi mfupa.
Akanitazama kama anayenidai chumvi,
akaruka tangi, akaenda zake, kimya.

Mkoromo utakaousikia humo
ni wa Fumo.